Nane Iliyopotea Jikoni kwa Tadei

Tadei Havrylovych alikuwa mtu wa kutunza vitu. Sisemi alikuwa bahili, maana bahili huwanyima watu, na Tadei hakumnyima mtu chochote. Alivinyima vitu vyake vyenyewe raha ya kutumika. Katika kabati la sebuleni kulikuwa na bilauri sita walizopewa yeye na mkewe siku ya harusi, na kwa miaka arobaini na mitatu hazikuwahi kuonja kinywaji. Koti lake zuri lilingoja siku njema mpaka mabega yakamsinyaa, na alipolijaribu likamning'inia kama la kuazima. Watu wa rika lake pale Kharkiv wengi walikuwa hivyo hivyo. Walikulia zamani ambazo kitu kikiharibika hupati kingine, na mazoea hayaondoki eti kwa sababu siku hizi maduka yamejaa.

Alizaliwa kijijini upande wa Poltava, mtoto wa fundi viatu. Akaja mjini na sanduku la mbao, akasoma ufundi wa vipimo, kisha akaingia taasisi moja na kukaa humo miaka ishirini na mitano akitengeneza mashine za kupimia umeme. Mashine hizo zilionyesha hesabu zake kwa taa za tarakimu. Taa yenyewe ni kichupa cha kioo chenye urefu wa kidole. Ndani mna nyaya kumi zilizokunjwa kwa umbo la sifuri hadi tisa, zimepangwa moja nyuma ya nyingine, pamoja na gesi kidogo. Ukiupelekea umeme waya wenye umbo la tatu, gesi inayouzunguka huwaka rangi ya chungwa, nawe unaona tatu inaelea ndani ya kioo. Tadei alizitazama taa hizo kila siku ya kazi na hakuzichoka.

Taasisi ilipofungwa, mashine zote zilitupwa uani. Wakaja vijana na nyundo kutafuta dhahabu kidogo iliyopakwa kwenye plagi. Tadei alisimama katikati ya vumbi lao na koleo, akazichomoa taa moja moja na kuzifunga kwa gazeti.

"Babu, hizo chupa utazila?" walimcheka. Alikuwa bado hajafika hamsini.

Hakuzila, ila zilimlisha. Miaka ilipita, na watoto wa kompyuta, ambao mama zao walikuwa hawajawazaa taa hizo zilipotengenezwa, wakaanza kuzitaka kwa saa za mezani. Tadei akageuza roshani yake yenye vioo kuwa karakana. Alitengeneza saa, na rafiki yake Lavrin, mwenye meza katika soko la redio wanakouza vipuri vya umeme, akamuuzia.

Ila saa ya kwanza kabisa hakuiuza. Aliitengeneza kwa ajili ya mkewe.

Melaniia alikuwa mshonaji wa makoti, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Presha ya macho ilianza kumla pole pole alipokaribia sitini. Kwanza ilikwenda sindano, halafu gazeti, halafu nyuso za watu ng'ambo ya barabara. Kilichobaki ni vitu vikubwa vinavyong'aa, navyo avione kwa karibu. Ndipo Tadei akaiweka saa yake kwenye kona yenye giza juu ya friji fupi, mkabala na kiti cha mkewe, tarakimu sita za rangi ya chungwa, naye Melaniia akainama na kuzisoma bila kusaidiwa.

"Siku nikishindwa kuisoma saa hii, ndiyo mniite kipofu," alisema. "Kabla ya hapo, mnyamaze."

Hapa lazima niseme jambo moja ili tusichanganyane. Ile tunayoiita sisi saa mbili ya asubuhi, wao huhesabu tangu usiku wa manane na kuiita saa nane, na nane ndiyo inayoandikwa kwenye taa. Tufuate hesabu yao. Saa nane asubuhi, Melaniia alipaswa kutiwa dawa ya macho, tone moja kila jicho, na jioni tena. Mikono yake ilikuwa haiwezi kulenga, kwa hiyo mtiaji alikuwa Tadei. Lakini mwenye kusema "saa imefika" alikuwa yeye, na kwa kusema hivyo alijiona bado ni mwenye nyumba.

Sasa, kuwasha taa hizi si kazi kubwa, ila ina masharti. Zinataka volti mia na sabini au zaidi ndipo ziamke. Umeme wa namna hiyo ulishamng'ata Tadei vidole mara nyingi. Zikishaamka, zinakunywa umeme wowote utakaozipa mpaka zijiue, kwa hiyo unaweka rezista mbele ya kila taa izuie. Karatasi ya kiwandani ilisema kiasi gani kinafaa. Katika saa za kuuza, Tadei aliifuata karatasi. Katika saa ya Melaniia aliweka rezista kubwa zaidi, taa zikapata kama nusu ya haki yake tu. "Akiba haiozi," alijiambia. "Zitatuzika sisi."

Na alijua. Hilo ndilo lililomuuma baadaye. Alijua vizuri kwamba waya unaowaka humwaga vumbi la chuma juu ya nyaya zilizolala, na kwamba tarakimu inayolishwa kidogo hukosa nguvu ya kujisafisha, ikaanza kuwaka vipande vipande. Aliwaonya wateja: msizibane, mtaziua. Mganga hajigangi.

Vuli hiyo Melaniia alianza kulalamika.

"Tadei, nane imepotea."

"Imepotea wapi?"

"Sijui. Naona saba, halafu naona tisa. Tisa inakaa, inakaa, haitoki. Nane siioni."

Tadei alikuwa amebeba sufuria la maji ya moto. Alikuwa ameosha nguo, amemenya viazi, amempeleka kliniki kwa tramu mbili na kumrudisha. "Ni macho, Melasya," alisema, akitumia lile jina lake la nyumbani. "Daktari alishatuambia yatapungua."

Hakuigeukia saa. Kwa nini aigeukie? Mkononi alikuwa na saa yake ya zamani, tena ile ya jikoni aliitengeneza mwenyewe.

Jumamosi moja ya Februari, Tadei akiwa ameshamtilia dawa kwa kuitazama saa ya mkononi na kwenda soko la redio, Melaniia aliinama, akasoma tisa. Duka la maziwa chini ya ghorofa hufunguliwa tisa. Akavaa, akashuka ngazi akishika ukuta, akakuta mlango umefungwa. Alisimama kwenye baridi karibu saa nzima, akidhani muuzaji amechelewa. Alipoamua kurudi, akateleza kwenye barafu. Jirani wa ghorofa ya pili alimkuta amekaa chini, mfuko ungali mkononi, nyonga imevimba.

Hakuvunjika. Ila binti yao Yaryna, anayefanya kazi Poland, alipiga simu jioni hiyo hiyo na maneno yalikuwa yameshapangwa.

"Baba, mama haoni tena. Tusidanganyane. Ninacho chumba, kuna hospitali ya macho karibu, kuna mtu wa kukaa naye mchana. Nakuja kumchukua mwezi wa tatu."

"Muulize mwenyewe," alisema Tadei.

Melaniia alichukua simu, akasikiliza kwa muda mrefu. "Haya," alijibu. Tadei alitazamia ugomvi, maana mwanamke huyu aliwahi kugombana na meneja wa kiwanda kwa ajili ya kifungo. Hakugombana. Alisema haya, akarudisha simu, akaomba chai.

Ikafika Ijumaa, siku moja kabla ya safari. Yaryna alikuwa njiani na gari lake. Asubuhi Lavrin aligonga mlango, ameshika chupa kubwa ya matango ya siki kutoka kwa mkewe, zawadi ya kumuaga Melaniia. Lavrin ni mtu mnene, mwema, na mdomo wake hauna breki.

"Nimechelewa?" aliuliza akivua buti. Kisha akaikazia macho saa ya jikoni. "We bwana, Tadei Havrylovych! Mtaalamu wa vipimo mzima! Saa yako bado inatii Moscow, saa moja mbele yetu?"

"Nini tena?"

"Inasema tisa na dakika kumi na mbili. Mimi nimeshuka kwenye tramu sasa hivi, ni nane na dakika kumi na mbili. Au tumehamishwa na hatukuambiwa?"

"Saa hiyo haikosei hata sekunde. Niliipima mwenyewe."

"Basi nimekosea mimi, na simu yangu, na tramu, na redio ya dereva. Wote waongo, mkweli ni wewe na friji lako."

Tadei akatazama mkono wake. Nane na kumi na mbili. Akabadili miwani, akainama mbele ya taa mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kama alivyoinama mkewe kila siku. Haikuwa tisa. Ilikuwa nane ambayo ubavu wake wa kushoto, chini, haukuwaka. Waya ulikuwepo, mweusi, umefunikwa na uchafu. Ukirudi nyuma hatua moja, unaona tisa, na mwenye macho mazima angeapa ni tisa.

"Lo," alisema Lavrin, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Imeziba. Umeibana miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

Kutoka chumbani ilisikika droo ikifunguliwa na kufungwa. Melaniia alikuwa akikunja nguo zake kwa kupapasa.

"Kamwambie," alinong'ona Lavrin.

"Nitamwambia."

"Sasa hivi, bwana. Kumbe mama wa watu anaona!"

"Lavrin. Kunywa chai yako."

Lavrin alikunywa chai yake, akamtazama rafiki yake kwa jicho ambalo Tadei hakulipenda, akaenda zake. Naye Tadei akamtilia mkewe dawa, iliyokuwa imeshachelewa, akaichomoa saa, akaipeleka roshani na kufunga mlango.

Sitamsafisha. Angeweza kumwambia pale pale, naye hakumwambia, na sababu yake haikuwa haya peke yake. Alikuwa amechoka. Miaka mitatu alikuwa hajalala usingizi wa kujiamkia mwenyewe. Alipika, alifua, alishika mkono ngazini, alitafuta soksi zilizopotea, alirudia kusoma barua ileile. Tangu Yaryna aliposema nakuja kumchukua, kuna kitu kifuani mwake kilikuwa kimekaa chini kupumzika, na alikionea aibu, lakini kilikuwa kimekaa. Jumapili angeamka kwenye nyumba tulivu. Angekula mkate na matango bila sahani. Sasa neno moja tu, "ilikuwa taa", nalo lingekiinua kile kitu tena na kukirudisha kazini. Mkewe, aliwaza, alikuwa amekubali kwenda kwa sababu aliamini ameshindwa kuisoma saa. Hakuwa ameshindwa.

Mikono, ambayo haikuwa na mawazo hayo, ilianza kufanya kazi. Alitoa rezista ya ile taa, akaweka ndogo ili umeme upite mara mbili ya ule wa karatasi, akaunganisha waya wa nane peke yake. Hiyo ndiyo dawa: tarakimu mbovu inawashwa peke yake kwa nguvu, saa baada ya saa, mpaka uchafu uchomoke. Ukizidisha, taa inakufa. Nane ikawaka vile vile, yenye ubavu mweusi. Tadei akakaa mbele yake na blanketi magotini.

Mchana Melaniia alifungua mlango wa roshani.

"Saa iko wapi?"

"Naisafisha."

"Ya nini? Mimi naenda zangu."

"Ina vumbi."

Alisimama kidogo pale mlangoni, uso umeelekea kwenye mwanga wa chungwa ambao kwa mbali vile kwake ulikuwa doa tu. "Usikae na baridi," alisema, akarudi ndani.

Alasiri kipande cha kwanza cha ubavu kikashika, kidogo kama punje ya mtama. Kilipotea, kikarudi. Kufikia saa ya chakula cha jioni nane ilikuwa imefunga pande zote. Tadei akabadili rezista za taa zote sita, akazipa haki yake kamili kwa mara ya kwanza tangu aitengeneze saa hiyo. Kule kwenye roshani kukang'aa kuliko alivyozoea. Aliitazama, akaizima, akaiacha mezani. Alijiambia atairudisha jikoni wakishaondoka.

Yaryna alifika jioni, amechoka na barabara, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akalala sofani. Asubuhi kila kitu kilikuwa tayari mlangoni: begi mbili, mto wa Melaniia, na chupa ya matango ya Lavrin.

"Nane kamili tuwe tunatoka," alisema Yaryna, koti lake limeshafungwa. "Mpakani foleni ni balaa. Dawa ya macho nitamtilia kwenye gari. Haya, tuketi."

Kwao mtu hatoki safarini hivi hivi. Wote waliomo nyumbani, wanaoondoka na wanaobaki, hukaa chini kimya kwa kitambo, ndipo wainuke. Anayeongea wakati huo anaiharibu safari. Yaryna akavuta kigoda, Melaniia akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, mkabala na friji, mikono juu ya mkoba.

Tadei hakukaa. Alikwenda roshani.

"Baba, sasa hivi?"

Alirudi ameikumbatia saa, akaiweka mahali pake, akaichomeka, akairekebisha kwa saa ya mkononi. Saba na dakika hamsini na tisa. Kisha akaketi juu ya begi kubwa. Friji lilinguruma, likanyamaza.

Melaniia aliinama mbele, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogusa mlango wa nyumba anayoiacha. Tarakimu zikageuka.

"Nane," alisema.

"Mama, tusiongee."

"Yaryna, naona nane." Alikaribia zaidi, mwanga ukamjaa usoni. "Mviringo juu, mviringo chini. Ni nane ile. Si nane?"

"Ni nane, mama," alisema Yaryna, haelewi.

Tadei akavua kofia. "Ilikuwa taa, Melasya. Macho yako hayakukosea. Waya wa nane ulizibwa na uchafu, ikawa inaonekana tisa kwa kila mtu. Niliibana umeme idumu. Nimeiua mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Nilikwambia nane imepotea."

"Uliniambia."

"Ukasema ni macho."

"Nilisema."

Yaryna alikuwa ameinuka. "Baba, mama alianguka kwenye barafu! Umejua lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana asubuhi! Na kutwa nzima, na mimi nimefika hapa, umekaa kimya?"

"Nilikuwa nimechoka, binti yangu," alisema Tadei, na akaona haya kwa jinsi lilivyotoka kirahisi.

"Mwache," alisema Melaniia. Alikuwa bado ameielekea ile nane, hakuwageukia. "Unadhani sikujua amechoka? Mimi ni kipofu wa barabarani, si kipofu wa nyumbani. Nasikia anavyopanda ngazi. Nilipokujibu 'haya' kwenye simu, hukuniuliza kwa nini sikubishana. Nilikubali kwenda, lakini si kwa sababu ya macho."

Tadei alitazama mikono yake, yenye makovu madogo ya umeme, na kwa miaka arobaini na mitatu hakuwahi kumwonea mkewe huruma na kujichukia mwenyewe kwa wakati mmoja namna ile.

"Sasa niambie, Tadei," alisema Melaniia. "Unaniomba nibaki, au unaniarifu tu habari za taa?"

Alichelewa kujibu. Yaryna alimtazama kwa hasira, lakini mama yake alingoja tu. Alijua mumewe hupima kwanza.

"Nakuomba," alisema. "Ila nimechoka, Melasya. Sitakudanganya. Hata kesho nitakuwa nimechoka."

"Basi tutamtafuta mtu wa kufua. Na Yaryna atakuja Pasaka, tutazungumza habari ya hospitali yake." Akauweka mkoba sakafuni. "Tumeshaongea, safari imeshaharibika. Toa zile bilauri za harusi, binti, chai inywewe kwenye kitu kizuri. Na wewe njoo hapa. Nane imefika."

Akaegemeza kichwa nyuma ya kiti, akafungua macho. Tadei alikwenda na kichupa cha dawa. Tone la kwanza likamwangukia mkewe shavuni.

"Tena," alisema Melaniia, na hakufumba.